Neema ni nini hasa, bahari ikiwa imechafuka?

Hapa Malindi ukitaja neema watu wanaelewa samaki. Upepo wa kaskazi umetulia, mashua zarudi zimejaa tasi na changu, mama karanga, wale wakaanga samaki, karai zao hazipoi, basi huo ndo mwaka wa neema. Ikishika kusi, ule upepo wa kuchafua bahari, mwezi wa sita hivi, mto Sabaki ushamwaga matope yake mpaka maji ya bahari yamekuwa kama chai ya maziwa, watalii wa Kitaliano wamerudi kwao, kazi hakuna, na hapo ndo utasikia mtu kanisani anauliza, kwani Mungu ametuondolea neema?

Sasa maneno yanagongana hapo, juu neema ya kwenye Biblia sio wingi wa vitu. Ni Mungu kukupa kitu ambacho hukukifanyia kazi wala hukukistahili (rehema ni ndugu yake, hiyo ni kuachiliwa adhabu uliyostahili, watu huchanganya sana). Waefeso 2:8 yasema tumeokolewa kwa neema, sio kwa nguvu zetu, na kama haikuja kwa wema wako, kusi nayo itaiondoaje?

Mstari ambao mapasta wanaukimbilia ni 2 Wakorintho 12:9, lakini ule wa 8 wanauruka. Paulo alikuwa na mwiba mwilini, hatuambiwi ni nini, akamsihi Bwana mara tatu umtoke, kwa hivyo kulia na kuombaomba sio kukosa imani. Haukutoka. Jibu alilopata ni "Neema yangu yakutosha". Kiangalie hicho Kiswahili cha zamani vizuri: yakutosha, yaani yakutosha sahii, mwiba ukiwa ungali ndani. Hakuambiwa itakutosha ukipona. Mimi hiyo "ya" peke yake imenisaidia kuliko mahubiri mengi, na pasta wangu anisamehe.

Kuna kusi moja mama alikaa siku tatu karai hajaliweka motoni, na daftari la deni dukani lilikuwa limejaa mpaka mwenye duka akituona anaangalia kando. Yeye ni Muislamu, sisi kila Jumapili twapita mlangoni pake na Biblia zetu. Siku ya nne akamtuma kijana wake na kilo mbili za unga na nusu lita ya mafuta, hajaombwa, na kwenye daftari hakuandika kitu. Mama akabaki ameushika ule unga tu, hajui aseme nini. Upepo haukupungua, ulivuma wiki mbili zaidi, na sisi tukala sima kwa mboga ya mchunga.