Mfanyakazi wa reli na kamera yake: dhana potofu na ukweli

Haya yanahusu Marekani, ambako wapo madereva na makondakta wa treni ambao pia hupenda kupiga picha za treni.

Dhana: Dereva anakaa mbele kabisa, kwa hiyo hakuna anayepata picha kumshinda.

Akiwa zamu, simu inazimwa na kuwekwa kando. Tarehe 12 Septemba 2008, treni ya abiria iligongana uso kwa uso na ya mizigo huko Chatsworth, California, watu 25 wakafa. Uchunguzi ulibaini kuwa dereva wa treni ya abiria alipita taa nyekundu huku akituma ujumbe wa simu. Baadaye sheria ya shirikisho ikabana vifaa binafsi vya elektroniki kazini. Kamera ya kawaida, isiyo ya simu, inaruhusiwa kupiga picha ya kitu cha hatari, kisha izimwe papo hapo. Treni ikiwa kwenye mwendo, dereva haruhusiwi hata hiyo.

Anachowazidi wengine ni ujuzi, na anautumia siku ya mapumziko. Treni za mizigo hazitangaziwi ratiba, kwa hiyo husikiliza redio ya mawasiliano ya reli kwenye masafa ya megahezi 160 na 161. Vifaa vya kukagua treni vilivyofungwa kando ya njia hutangaza kwa sauti namba ya maili (mahali kilipo kifaa) na kasoro, mfano ekseli iliyopata moto. Kifaa kilichoko maili 10 kutoka uliposimama kikitangaza, na treni inakwenda maili 40 kwa saa, una dakika 15 za kujipanga. Sehemu nyingine taa za ishara huwa zimezima mpaka treni ikaribie. Zikiwaka, acha kuhangaika na begi.

Dhana: Kondakta ni mkata tiketi.

Treni ya mizigo haina wa kukatiwa. Kondakta hushika karatasi za mabehewa, hubadili njia, hufunga breki za mkono na kuunganisha mabomba ya upepo wa breki. Kabla ya kuingia katikati ya mabehewa huomba ulinzi kwa redio. Dereva hufunga breki, huweka mkono wa mwelekeo (wenzo wa kwenda mbele au nyuma) katikati, huzima swichi ya jenereta ili mota zisipate umeme, ndipo anajibu. Bila jibu, kondakta haingii. Behewa likijongea kidogo tu, mguu umekwenda.

Dhana: Kazi hii ni kutalii nchi nzima.

Dereva lazima awe amefuzu kwa kipande chake cha njia, kwa hiyo huona vilima vilevile, tena mara nyingi usiku. Wengi huitwa kazini kwa simu wakati wowote. Kikomo ni saa 12 za kazi, kisha mapumziko ya saa 10 mfululizo.

Dhana: Treni ina kelele, utaisikia ikija.

Dhana hii ndiyo inayoua. Reli zilizochomelewa pamoja hazina maungio ya kugonga, upepo hupeleka sauti kwingine, na treni ya njia ya pili huifunika ile inayokujia. Kichwa cha treni huzidi reli kwa takriban futi 3 kila upande. Simama angalau futi 15 kutoka kwenye reli. Treni ndefu ya mizigo yenye kasi ya maili 55 kwa saa huhitaji maili moja au zaidi kusimama, hata dereva akikuona. Isitoshe, njia nyingi ni mali ya kampuni binafsi: kuingia bila ruhusa ni kosa.

Dhana: Treni ni kubwa, shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde inatosha.

Kwa kilomita 80 kwa saa, treni husogea mita 22 kila sekunde. Kwenye 1/250 ni sentimita 9, na maandishi ubavuni hayasomeki. Weka 1/1000. Ikikujia kwa mshazari unaweza kushuka hadi 1/500, maana mwendo unaoonekana ni mdogo zaidi.

Dhana: Mpiga picha O. Winston Link alitumia mweko (flashi) usiku, basi nasi tutumie.

Link alipiga picha treni za mvuke za kampuni ya reli ya Norfolk and Western kati ya 1955 na 1960 akishirikiana na kampuni yenyewe, taa zake zikiwa zimepangwa na kuunganishwa kwa waya. Mweko wa ghafla humpofusha dereva anayetafuta ishara. Usiku piga treni iliyosimama: kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata sekunde 10 hadi 30.