Holmiamu inapoyumba kwenye kelvini 5

Wengi tulivyosoma usupakondakta, yaani hali ya kitu kupitisha umeme bila ukinzani wowote, tuliambiwa sumaku ni adui, na si uongo. Elektroni zinatembea mbili mbili, spini (kausumaku kadogo ka kila elektroni) moja inatazama juu nyingine chini, sasa atomu yenye usumaku wake ikikaa jirani inataka zote zitazame upande mmoja, jozi inavunjika na ukinzani unarudi. Ndo maana borokabaidi za nikeli, ambazo ndani yake usumaku na usupakondakta vinakaa pamoja, zilipotokea 1994 watu walizirukia. Fomula ni RNi2B2C, hapo kwenye R unaweka metali adimu unayotaka na fuwele inabaki na umbo lilelile, matabaka ya R na kaboni yamepishana na ya nikeli na boroni.

Ukiweka lutetiamu, ambayo haina usumaku, unapata supakondakta kwenye kelvini 16 hivi (kelvini ni nyuzi zinazohesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa). Zenye usumaku sasa: erbiamu inashuka kwenye 11, holmiamu 8, disprosiamu 6, na ukifika gadoliniamu hupati kitu, imebaki sumaku tupu.

Mimi ninayoipenda ni holmiamu aisee. Unaipoza, kwenye 8 ukinzani unapotea, unafurahi, unaendelea kushuka, halafu karibu na 5 usupakondakta unalegea kabisa, yaani ukiwasha uga mdogo tu wa sumaku ukinzani unarudi, kisha ukipoza zaidi mambo yanakaa sawa tena. Mara ya kwanza kuiona kwenye grafu nilidhani waya umeachia! Kumbe pale sumaku za holmiamu zinajipanga, na kabla hazijatulia zinapitia mpangilio wa kuzunguka kama ngazi ya duara, tabaka hadi tabaka, na huo ndo unaosumbua jozi. Zikishatulia, tabaka moja linaelekea huku linalofuata kule, zinafutana, na kwa kuwa jozi ya elektroni ni pana kuliko umbali wa tabaka na tabaka, haioni sumaku yoyote ya maana.

Disprosiamu ndo kituko zaidi. Sumaku zake zinajipanga mapema, kwenye 10, usupakondakta unakuja baadaye ukiwa ndani ya mpangilio huohuo. Sasa jaribu kuichanganyia lutetiamu kidogo, ile isiyo na usumaku, ungetegemea joto la usupakondakta kuanza lipande si ndio? Linashuka, na linashuka haraka, maana lutetiamu imetoboa tundu kwenye mpangilio na pale kwenye tundu sumaku hazifutani tena.