Kwa nini juu ya vilima vya Mwanza upepo unakupiga hivyo wakati chini kumetulia?

Je, wajua kwamba ile baridi unayoisikia ukifika kileleni Mwanza haihusiani sana na urefu wa kilima? Mshkaji wangu alibisha kweli kweli siku tunapanda miamba ya Isamilo, saa tisa mchana, kofia yake imeshapeperushwa bondeni na yeye kang'ang'ania jiwe kwa mikono miwili, eti "huku tumepanda sana kaka ndo maana". Hapana bana. Hewa inapoa kama nyuzi 6 au 7 ukipanda mita 1,000 nzima, kwa hiyo kilima cha mita 100 juu ya ziwa hata nyuzi moja hakikupunguzii.

Kinachokutetemesha ni upepo na jasho. Mwili unapasha kahewa kembamba kanakogusa ngozi, upepo ukivuma unakafagia, mwili unaanza upya, na jasho nalo likikauka linaondoka na joto lako. Jamaa alipanda kwa mbwembwe, fulana ya pamba imelowa mgongo mzima, tumekaa dakika chache tu meno yanagongana, mimi niliyepanda kizee nipo fresh.

Sasa huo upepo unatoka wapi? Ziwani. Mchana jua linapasha nchi kavu haraka kuliko maji, hewa ya mjini inapata moto inapanda juu, ile ya baridi toka Ziwa Victoria inaingia kuziba nafasi, ndo maana asubuhi unaweza kukuta shwari halafu alasiri mabati yanalia. Usiku mambo yanageuka, maji yanakua na joto kuliko nchi kavu, upepo unatoka pande zote kwenda ziwani na hewa inakutana huko katikati inapanda, kwa hiyo ngurumo nyingi za ziwani zinapiga usiku na alfajiri, muda ambao wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Kazi ngumu ile, tuwaheshimu.

Chini nyumba, miti na mawe vinaubana upepo unapoteza nguvu. Juu hakuna wa kuuzuia, tena hewa ikivuka kilima inabanwa inaongeza spidi, kama ukiziba nusu ya mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba. Kwenye upenyo kati ya mawe mawili makubwa ndo balaa kabisa, usisimame hapo kupiga selfi. Na ukijificha nyuma tu ya kilele bado utakula vumbi, maana upepo ukishavuka unajizungusha na kurudi nyuma, shuka kidogo zaidi ndo utapumua.

Ila upepo ukigeuka ghafla ukawa wa baridi na kuna wingu jeusi, hiyo ni hewa inayomwagika kutoka kwenye mvua yenyewe, achaneni na picha mshuke, radi inapenda vilivyo juu.