Mbwa Aliyeuma Asiuawe na Kutupwa: Maelezo kwa Wakazi wa Tanga Kuhusu Kichaa cha Mbwa

Kila inapokaribia tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maofisa mifugo wa kata huhimiza uchanjaji wa mbwa na paka mitaani, na wakazi wengi huitikia. Makala hii haikusudii kurudia tangazo hilo. Inakusudia kueleza jambo ambalo wananchi, kuanzia Makorora na Mikanjuni hadi Pongwe, hulifanya kwa nia njema lakini kinyume cha utaratibu, nalo ni kumuua mbwa papo hapo baada ya kuuma mtu, kisha kumtupa jalalani au kumfukia.

Aliyeumwa ndiye anayetangulia. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mhusika apelekwe siku hiyohiyo katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, bila kusubiri kujua hali ya mbwa. Sindano ya kwanza hutolewa siku hiyo, zinazofuata siku ya 3 na ya 7 baada yake, na nyingine kwa kadiri daktari atakavyoelekeza. Habari za sindano 21 za kitovuni ni za zamani, na haieleweki kwa nini bado zinasimuliwa barazani na kuwatia watu hofu, maana siku hizi mtu mzima huchomwa begani. Jeraha lililotoa damu huhitaji pia dawa ya kingamwili, inayodungwa kuzunguka jeraha lenyewe. Majivu, mafuta ya taa na pilipili havina kazi hapo. Wenye kutimiza sharti la dini la kuosha palipoguswa na mate ya mbwa mara saba pamoja na udongo wanaombwa watangulize sabuni na maji, na udongo usifikishwe kwenye jeraha lililo wazi.

Kupona kwa jeraha si kupona kwa ugonjwa. Dalili kwa binadamu mara nyingi hutokea kati ya mwezi 1 na 3 baada ya kuumwa, na wakati mwingine hata baada ya mwaka. Zikishajitokeza, tiba hakuna, na karibu kila mgonjwa hufa.

Sasa tumrudie mbwa. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kukamatwa bila kumhatarisha mtu mwingine, anatakiwa kufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Siku hizo hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Virusi huonekana kwenye mate ya mbwa siku chache tu kabla ya dalili kuanza, na dalili zikianza mbwa hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo mbwa aliye mzima siku ya 10 hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma, na hapo daktari anaweza kuamua kusimamisha sindano zilizobaki. Mbwa aliyeuawa na kutupwa hawezi kutoa jibu hilo, na aliyeumwa hulazimika kumaliza sindano zote.

Kumfungia kuna masharti yake. Awekwe kwenye banda au chumba kinachofungwa, au afungwe kwa mnyororo. Kamba ya katani huitafuna usiku mmoja, na tumeshaeleza hili mara nyingi. Ahudumiwe na mtu mzima mmoja, na chombo cha chakula kisukumwe kwa fimbo. Asiuzwe, asihamishwe, asigawiwe kwa jirani, wala asichanjwe katika siku hizo ili ionekane alikuwa na chanjo. Akifa au akiwa ameshauawa, asichomwe moto wala kufukiwa, kichwa kisipondwe, na mwananchi asijaribu kukikata mwenyewe. Ofisa mifugo wa kata aarifiwe ili sampuli ya ubongo ichukuliwe na kupelekwa kupimwa katika Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye kituo hapa Tanga.

Kosa jingine ni kudhani kwamba mbwa mwenye kichaa lazima awe mkali. Wapo wanaopooza: taya huning'inia, mate hutiririka, sauti hukwaruza, na mbwa hujificha chini ya mkokoteni au kitanda. Mwenyewe hudhani mfupa umemkwama kooni, akaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Mkono huo, hata usipoumwa, umeshalowa mate, na ukiwa na mchubuko wowote mhusika anahitaji sindano kama wengine.

Kuhusu wajibu wa kisheria, Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kutolewa taarifa, na kichaa cha mbwa kimo, atoe taarifa kwa mamlaka. Aidha, chini ya Kanuni ya Adhabu, kutochukua tahadhari kwa mnyama unayemmiliki kiasi cha kuhatarisha watu ni kosa la jinai. Jibu la "si wangu, huwa anakula tu hapa" tunalisikia kila wiki, na halitusaidii. Anayemtupia mbwa makombo kila jioni ndiye anayeweza kumshika siku ya chanjo, na ugonjwa hukatika pale angalau asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa, wakiwemo watoto wa mbwa, ambao wengi huwaacha nyumbani kwa madai kwamba bado wadogo.

Jirani zetu wa Pemba walifaulu kuutokomeza mwaka 2014 kwa chanjo, ukaingia tena mwaka 2016, na ikawalazimu kuchanja upya hadi ukakoma. Kisiwa hakiingiliwi na mbwa kwa miguu. Kwa sababu hiyo, yeyote anayetaka kuvuka na mbwa kutoka Tanga, kwa meli au kwa jahazi, aanzie ofisi ya daktari wa mifugo kuomba kibali cha kusafirisha, akiwa na cheti cha chanjo iliyotolewa wiki kadhaa nyuma, si asubuhi ya safari.