Makala za Utafiti Si Zote za Kulipia

Wanafunzi wengi wa vyuo vya Moshi na Arusha wameamini kwa muda mrefu kwamba tafiti zilizochapishwa mtandaoni husomwa na wenye kulipia tu. Sivyo. PubMed Central, hifadhi ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2000, hutoa makala kamili za tiba bila malipo, na tovuti ya AJOL (African Journals Online) hukusanya majarida ya Afrika, mengi yakiwa wazi. Anayetafiti chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, huko Kilimanjaro, akikuta mchapishaji anadai dola, abonyeze kiungo cha matoleo mengine chini ya jina la makala katika Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, kwani huenda mwandishi ameweka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo chake. Ikishindikana, na hapa wengi husita bila sababu, amwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe kuiomba.