Rushwa ya mizani mwaloni

Tunapotoa elimu ya kupambana na rushwa kwenye mialo ya Mwanza, yaani vituo vya kushushia samaki, kuanzia Kirumba hadi visiwa vya Ukerewe, swali hili halikosi: karani wa kiwanda cha minofu si mtumishi wa serikali, sasa kumpa "ya soda" nako ni rushwa?

Ni rushwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu wakala, yaani yeyote anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine, awe sekta ya umma au binafsi. Karani anayepima sangara ni wakala wa kiwanda. Kijana anayekusanya dagaa kwa pesa za tajiri wa mjini ni wakala wa tajiri huyo. Akila pembeni ili mzani usome zaidi, au samaki walioanza kulegea wapite kama wazima, ametenda jinai.

Wengi hushtuka tukifika kwa mtoaji. Adhabu yake ni ileile ya mpokeaji: faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi 1,000,000, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote pamoja. Tena si lazima pesa ishikwe mkononi. Kuomba ni kosa, kuahidi ni kosa. Ukimwambia karani "nipitishie, jioni tutaonana" kwa nia hiyo, umeshaingia hatiani hata akikataa. Usijitetee pia kwamba hakuwa na mamlaka ya kupitisha mzigo. Sheria imeliziba tundu hilo.

Nalikazia hili kwa sababu nawaona wanaoumia. Mvuvi aliyekataa kutoa husukumwa nyuma ya foleni, barafu inayeyuka, na samaki wake wakifikiwa bei imeshuka. Kosa hakufanya, hasara ni yake.

Viongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni, nao wamo. Kiongozi akipokea chochote ili kokoro, wavu haramu wa kukokota, livutwe usiku au sangara wa chini ya sentimita 50 wapakiwe, hiyo ni rushwa, na mazalia yanayozolewa ni ya mwalo mzima. Na mwenye madaraka anayemdai mwanamke ngono ndipo ampe haki au upendeleo, anakabiliwa na kifungu cha 25.

Ukiombwa, usitoe kwanza ndipo ulalamike. Piga 113, ni bure, au fika ofisi ya TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, iliyo karibu mapema, mtego uweze kuandaliwa. Andika tarehe, saa, mahali, maneno uliyoambiwa na waliokuwapo. Kama pesa imeshatumwa kwa simu, usifute ujumbe wa muamala. Wanaohofia kujulikana wajue kuwa ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Mwambie afisa mapema kwamba unahitaji ulinzi huo.