Soko huria limetuachia nini: kazi, huduma na jinsi tunavyojiona Uganda

Wanafunzi wangu wengi wamezaliwa baada ya mwaka 2000, na wakisikia "uliberali mamboleo" wanadhani ni nadharia ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mimi ni mtafiti wa masuala ya kazi. Huwa nawaambia kwamba siasa hiyo ndiyo iliyopanga maisha yao: nani anawalipa, nani anawatibu, na kwa nini mambo yakiharibika hawamlaumu mtu isipokuwa nafsi zao.

Msimamo wenyewe unaeleweka haraka. Serikali itoke kwenye biashara, bei ziamuliwe na soko, mashirika ya umma yauzwe, kila mtu ajitafutie. Ulipata nguvu Uingereza na Marekani enzi za Margaret Thatcher na Ronald Reagan. Kwetu uliingia Mei 1987, serikali ya NRM, chama cha Rais Museveni, ilipoanza mpango wa kufufua uchumi pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia. Shilingi ikashushwa thamani na noti zikapunguzwa sifuri mbili. Mwaka 1990 maduka ya kubadilisha fedha yakaruhusiwa, na Bodi ya Kahawa ikaanza kupoteza ukiritimba wake. Mwaka 1993 ikapita sheria ya kubinafsisha mashirika ya umma.

Haki itendeke: uchumi uliorithiwa ulikuwa mahututi, baada ya Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 na vita vilivyofuata. Mkulima wa kahawa, ambaye bodi ilikuwa ikimwachia sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, alipata afueni soko lilipofunguliwa, hasa baada ya baridi kali kuharibu kahawa ya Brazil mwaka 1994. Kwa takwimu rasmi, Waganda walioishi chini ya mstari wa umaskini walikuwa asilimia 56 mwaka 1992/93, wakashuka hadi karibu asilimia 20 ifikapo 2012/13. Silibezi hilo hata kidogo. Ila takwimu hizo hazituambii hasara inamwangukia nani siku mtu akiugua, akizeeka au akikosa kazi.

Nenda Jinja uone. Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, viwanda vikafuata, na jina la kiwanda cha Nytil likajulikana nchi nzima kwa vitambaa. Watu walitoka kila upande wakaishi mtaa wa Walukuba, na kwa kuwa kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kazini na mtaani. Mzee mmoja wa huko alinitolea kitambulisho chake cha kiwandani, plastiki imegeuka njano, picha imefifia. Namba yake ya kazi aliitaja bila kuitazama. Ukimuuliza alikuwa nani, atakutajia idara, zamu na chama cha wafanyakazi, kabla hata ya kukutajia kabila lake. Ajira ya namna hiyo ilikuwa ya wachache, tena wengi wao wanaume, na sitaki tuipambe. Lakini ilimpa mtu mahali pa kusimama, na mwajiri wa kumdai haki zake.

Serikalini nako panga lilipita. Watumishi wa umma walikuwa takriban 320,000 mwaka 1990. Katikati ya muongo huo walibaki kama nusu. Kuanzia 1992 makumi ya maelfu ya askari nao walirudishwa vijijini.

Leo mjukuu wa mzee yule yuko steji ya boda. "Mwalimu, mimi sina bosi," aliniambia kwa fahari. Nikamwomba tupige hesabu ya siku yake. Asubuhi anaanza akiwa anadaiwa, kwa sababu pikipiki si yake, na fedha ya mwenye pikipiki hailali. Inafuata petroli, kisha chakula, kisha bando la simu ili wateja wampate. Mvua ikinyesha mpaka saa nane, hasara ni yake. Akivunjika mguu, matibabu ni yake, na deni la pikipiki linaendelea kuhesabiwa akiwa kitandani. Bosi hayupo, ni kweli, lakini majukumu yote ya bosi yamewekwa mabegani mwake.

Kwenye huduma za jamii hadithi ina pande mbili. Elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 1997, na ada za zahanati za serikali zikafutwa Machi 2001, katikati ya kampeni za urais. Hizo zilikuwa hatua kubwa, zilizokwenda kinyume na siasa ya soko huria ya wakati ule. Lakini mgonjwa bado huambiwa dawa zimeisha, akanunue nje. Mzee amekuwa akipewa shilingi 25,000 kwa mwezi chini ya SAGE, mpango wa serikali wa ruzuku kwa wazee, mradi afikishe miaka 80! Na silaha kubwa ya serikali dhidi ya umaskini, mpango wa maendeleo wa parokia (si ya kanisa, bali kitengo cha utawala chenye vijiji kadhaa) uliozinduliwa Kibuku mwaka 2022, ni mkopo: shilingi milioni moja kwa kaya, kwa riba ya asilimia 6. Kuku wakifa kwa kideri, deni halifi.

Kinachoniuma zaidi ni nguzo moja kati ya saba za mpango huo: kubadili fikra za wananchi. Yaani maskini anaambiwa kwamba tatizo limo kichwani mwake. Ujumbe huo huo anausikia redioni, kanisani na kwenye semina za ujasiriamali, mpaka anauamini. Nimezungumza na wahitimu wa chuo kikuu wanaoficha ukosefu wa kazi kama mtu anavyoficha ugonjwa wa aibu, ilhali darasa zima lao halina kazi.

Kima cha chini cha mshahara kinachotambuliwa kisheria bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, iliyorekebishwa mwaka 2022 inamlazimu kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, kuchangia asilimia 10 ya mshahara juu ya asilimia 5 anayokatwa mfanyakazi. Hilo ni jema, na nalitetea kila ninapopata nafasi. Lakini kijana wa steji hahesabiwi humo, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria hana mwajiri. Mwenye pikipiki anayekusanya fedha kila jioni, na kampuni ya programu ya simu inayokata kamisheni kwa kila safari, wanapaswa kutajwa katika sheria hiyo kama waajiri, nao wachangie.